Utani, Msiba na Subira: Usomaji wa Maison Ikkoku ya Rumiko Takahashi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Maison Ikkoku, manga ya futuhi ya mapenzi iliyoandikwa na kuchorwa na Rumiko Takahashi na kuchapishwa nchini Japani kati ya 1980 na 1987. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: hadithi ya mjane kijana na mwanamume anayempenda inawezaje kuchekesha kwa karibu miaka saba bila kumdhihaki marehemu wala kumharakisha mfiwa? Makala yanatumia dhana ya utani, hasa nafasi ya mtani msibani, kuonyesha kwamba vurugu za wapangaji wa nyumba ya Ikkoku zina kazi zaidi ya kuchekesha: zinamrudisha mfiwa miongoni mwa walio hai. Aidha, makala yanatenganisha aina mbili za ucheleweshaji katika msuko, yaani ucheleweshaji wa ajali na ucheleweshaji wa dhamiri, na yanadai kwamba thamani ya kazi hii imo katika aina ya pili.

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi, futuhi na tanzia aghalabu hufundishwa kama ndugu waliogawana urithi: mmoja akachukua harusi, mwingine akachukua mazishi. Mgawanyo huo una manufaa yake darasani, lakini unaziacha nje kazi ambazo harusi yake haiwezi kufungwa mpaka mazishi yaishe. Maison Ikkoku ni kazi ya namna hiyo.

Takahashi, aliyezaliwa Niigata mwaka 1957, alianza kuichapisha hadithi hii mwaka 1980 katika Big Comic Spirits, jarida lililokuwa jipya wakati huo la kampuni ya Shogakukan, lililowalenga wasomaji wanaume waliokwisha kuvuka umri wa shule. Wakati huohuo alikuwa akiendelea na Urusei Yatsura, futuhi ya viumbe wa sayari nyingine aliyoianza mwaka 1978 katika jarida la Shonen Sunday. Kazi zote mbili zilikamilika mwaka 1987. Maison Ikkoku ina sura 161, ambazo zilikusanywa katika vitabu 15, na ilitolewa pia kama filamu ya katuni ya televisheni yenye vipindi 96 kati ya 1986 na 1988. Uhakiki huu unajikita katika manga yenyewe.

Ikkoku ni nyumba kuukuu ya mbao ya kupangisha vyumba, yenye mnara wa saa ambayo imesimama. Katika chumba namba 5 anaishi Yusaku Godai, ambaye ni ronin. Neno hilo, ambalo zamani lilimtaja samurai asiye na bwana, siku hizi humtaja mtu aliyeshindwa mtihani wa kuingia chuo kikuu na anayejiandaa kuurudia. Siku anapofungasha virago kwa kuchoshwa na jirani zake, anafika msimamizi mpya wa nyumba, Kyoko Otonashi, na safari ya Godai inaahirishwa papo hapo. Baadaye anagundua kwamba Kyoko ni mjane. Mume wake, Soichiro, alikuwa mwalimu katika shule aliyosoma Kyoko, na alifariki muda mfupi tu baada ya ndoa yao. Soichiro ndilo pia jina la mbwa mweupe wa Kyoko. Kutokana na mbegu hii ndogo hadithi nzima inachipuka.

2.0 Kikwazo Kisichoweza Kushindwa

Northrop Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), anaeleza kwamba futuhi ya kale ya Ulaya huwa na kikwazo kinachowazuia wapenzi vijana, na aghalabu kikwazo hicho ni mzee mwenye mamlaka: baba mkali, mlezi bahili, au sheria isiyo na maana. Msuko unasonga kwa kumshinda mzee huyo, kumpumbaza au kumgeuza moyo, na mwishowe jamii mpya inakusanyika kuwazunguka wapenzi katika karamu.

Maison Ikkoku inafuata mkondo huo kwa juujuu tu. Mwishoni kuna harusi na karamu, lakini mzee mkali hayupo. Baba wa marehemu, ambaye ndiye mwenye nyumba, ni mpole, na anatamani mkwe wake aendelee na maisha yake. Mama mzazi wa Kyoko anamhimiza aolewe tena, na baba yake mzazi, japo analia kila habari ya ndoa inapotajwa, ni kichekesho tu wala hana nguvu ya kuzuia kitu. Kikwazo halisi ni mtu aliyekwisha kufa, tena asiye na hatia yoyote. Soichiro hawezi kushindwa kwa sababu hapigani. Hawezi kupumbazwa, hawezi kusamehewa kwa kuwa hakukosea, na hawezi kutoa radhi yake kwa kuwa hasemi.

Takahashi anaukaza ugumu huu kwa uamuzi mmoja wa uchoraji: uso wa Soichiro hauonyeshwi kamwe. Katika kumbukumbu za Kyoko, na hata palipo na picha yake, uso huo umefunikwa na kivuli. Uamuzi huu una matokeo mawili. Kwanza, msomaji ananyimwa nafasi ya kulinganisha. Hawezi kusema kwamba marehemu alikuwa mzuri kumshinda Godai, wala kwamba hakuwa lolote. Pili, kumbukumbu inabaki mali ya Kyoko peke yake. Msomaji anasimama mahali anaposimama Godai, akimwonea wivu mtu asiyeweza kumwona. Kwa hiyo kivuli hicho hakipo kwa ajili ya fumbo litakalofumbuliwa sura ya mwisho. Ni mpaka wa heshima, na mwandishi anauheshimu mpaka mwisho.

3.0 Wapangaji kama Watani

Ikiwa kikwazo ni msiba, basi mbinu za kawaida za futuhi hazitoshi. Hapa ndipo dhana ya utani inapoleta mwanga. Utani ni uhusiano wa kijamii unaowapa watu wa pande mbili, kama vile babu na mjukuu, mabinamu, au jamii zenye historia ya pamoja, haki ya kutaniana bila kukasirikiana. Haki hiyo huambatana na wajibu, na katika jamii nyingi za Tanzania wajibu huo huonekana waziwazi zaidi msibani. Mtani huweza kumwigiza marehemu, kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, au kuwakebehi wafiwa mbele ya umati. Mtani huyohuyo ndiye anayebeba kazi nzito za mazishi. Kicheko chake hakiukanushi msiba, bali kinauwekea ukomo na kuwaambia wafiwa kwamba uhai bado una madai yake juu yao.

Makala haya hayadai kwamba Japani ina utani kwa maana hiyo ya kimila. Yanadai tu kwamba kazi wanayoifanya wapangaji wa Ikkoku inaeleweka vizuri zaidi kwa dhana hii kuliko kwa dhana ya kichekesho cha kujaza nafasi. Wapangaji wakuu ni watatu. Bibi Ichinose wa chumba namba 1 ni mke na mama mpenda sake na umbea. Yotsuya wa chumba namba 4 ni mtu wa kazi isiyojulikana, ambaye ametoboa ukuta na kuingia chumbani kwa Godai kila apendapo. Akemi Roppongi wa chumba namba 6 ni mhudumu wa baa ambaye hajali kuonekana korido nzima akiwa amevaa nguo ya kulalia. Sifa tatu za utani zinajitokeza katika mwenendo wao.

Sifa ya kwanza ni haki isiyoombwa. Watatu hawa huingia chumbani kwa Godai, hula chakula chake, hunywa pombe na kuimba usiku kucha, hata usiku wa kuamkia mtihani wake. Godai hulalamika, lakini hakuna sura ambamo malalamiko yake yanachukuliwa kuwa haki inayotakiwa kutekelezwa. Tundu lililo kwenye ukuta wa Yotsuya ni ishara wazi ya hali hiyo: katika nyumba hii hakuna mipaka inayodumu.

Sifa ya pili ni kusema yasiyosemeka. Ndugu wa Kyoko wa pande zote mbili huuzungukia ujane wake kwa maneno ya tahadhari, ilhali wapangaji huutaja hadharani, wakiwa na chupa mkononi. Wao ndio wanaotangaza mapenzi ya Godai kabla hajayatamka mwenyewe akiwa na akili timamu. Mfano mkubwa zaidi unapatikana karibu na mwisho, Kyoko anapoamini kwamba Godai amemsaliti na kumkatia mawasiliano. Anayemkabili ni Akemi, na anamwambia usoni kwamba analia na kufoka kwa ajili ya mwanamume ambaye hata mkono wake hamruhusu kuushika. Mama mzazi asingeweza kusema hivyo, wala baba mkwe. Rafiki wa heshima angenyamaza. Mtani peke yake ndiye mwenye kibali cha kusema neno hilo, na neno hilo ndilo linaloufungua msuko uliokuwa umekwama.

Sifa ya tatu ni wajibu. Katika sura za mwanzo karamu za wapangaji zinaonekana kama uonevu dhidi ya Godai. Kadiri hadithi inavyosonga, inabainika kwamba kila mara Kyoko anapojifungia chumbani mwake, karamu hizo ndizo zinazompa sababu ya kutoka. Katika karamu ya harusi watu walewale wanafanya mambo yaleyale waliyoyafanya tangu sura ya kwanza: wanakunywa, wanacheza, wanatia chumvi kila jambo. Ambacho kimebadilika ni maana. Vurugu zilizokuwa mateso zimekuwa baraka, na zimeweza kuwa hivyo kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa vurugu za watu waliobaki.

4.0 Ucheleweshaji wa Ajali na Ucheleweshaji wa Dhamiri

Lawama inayoelekezwa mara kwa mara kwa futuhi ndefu za mapenzi ni kwamba zinachelewesha mwisho kwa hila ili jarida liendelee kuuzwa. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Maison Ikkoku ilikuwa bidhaa ya jarida, na kila sura ilihitaji kumfanya msomaji anunue toleo linalofuata. Hata hivyo, kuujibu ukosoaji huo kwa ukamilifu kunahitaji kutenganisha aina mbili za ucheleweshaji.

Aina ya kwanza ni ucheleweshaji wa ajali. Nyumba ina simu ambayo hupokewa na mtu mwingine, ujumbe unafika nusu, mlango unafunguliwa kwa wakati mbaya, na neno linasikika bila muktadha wake. Kozue Nanao, msichana ambaye Godai anaanza kutoka naye karibu bila kukusudia, anabaki kuwa mpenzi wake wa kudhaniwa kwa miaka kwa sababu tu Godai hapati ujasiri wa kuzungumza. Shun Mitaka, kocha wa tenisi, tajiri mwenye meno yanayometameta, angeweza kumposa Kyoko mapema kama asingekuwa anaogopa mbwa. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, alidai kwamba binadamu huchekesha pale mwili wake unapotenda kama mashine. Mitaka ni kielelezo kamili cha dai hilo: kila mbwa anapokaribia, mtu huyu mwenye umbo la mwanamichezo na ulimi wa asali hukakamaa kama ubao.

Aina ya pili ni ucheleweshaji wa dhamiri. Kyoko hasemi ndiyo kwa sababu anahisi kwamba ndiyo hiyo itamfuta mtu. Kuna hofu nyingine iliyo chini zaidi: ikiwa atampenda mwingine, je, machozi yake ya mwanzo yalikuwa ya uongo? Hofu hiyo haiondolewi na simu inayopokewa vizuri. Kwa upande wake Godai ana kizuizi chake cha dhamiri. Anaingia chuo kisicho na sifa kubwa, anahitimu bila kupata ajira, na anajikuta akiwalea watoto wa wahudumu wa kabaree huku akijisomea kwa ajili ya cheti cha ulezi wa watoto. Katika Japani ya miaka ya 1980, ambapo mfano wa mwanamume aliyefanikiwa ulikuwa mfanyakazi wa kudumu wa kampuni kubwa, kazi hiyo haikuwa na hadhi ya kumwendea nayo mzazi wa msichana. Godai anakataa kuposa kabla hajaweza kusimama mwenyewe. Msomaji anaweza kuona huo kuwa woga, lakini hadithi inauchukulia kuwa uaminifu.

Tofauti ya aina hizi mbili inathibitishwa na namna kila mshindani anavyofikia mwisho wake. Mitaka anajitahidi kushinda hofu yake kwa kufuga mbwa, anayempa jina la McEnroe. Juhudi hiyo ndiyo inayomnasa. Anaposikia habari za mimba, anaamini kwamba mwenye mimba ni Asuna Kujo, binti wa familia yenye hadhi aliyependekezewa na wazee wake, na anajitolea kumwoa. Kumbe mwenye mimba ni mbwa wa Asuna. Mitaka anaingia katika ndoa kwa ajali, na ajali hiyo inafurahisha kwa sababu maisha yake yote katika hadithi yameendeshwa na ajali. Godai na Kyoko hawaingii hivyo. Ajali zote zinakwisha kabla yao, na wanabaki watu wawili wasio na kisingizio, wanaopaswa kuamua. Kama Takahashi angekuwa anachelewesha kwa hila tu, njia rahisi ilikuwa kuwaunganisha kwa kichekesho kama alivyowaunganisha Mitaka na Asuna. Hakufanya hivyo.

Uamuzi wao unadhihirika katika matukio mawili. Godai anapomposa, Kyoko anadai ahadi moja tu: Godai aishi kumzidi yeye, hata kama ni kwa siku moja, kwa kuwa hawezi kubaki peke yake tena. Ahadi hiyo haimo katika uwezo wa binadamu yeyote, na wote wawili wanalijua hilo. Uzito wake umo katika kuombwa. Mwanamke ambaye kwa miaka alionekana kumlinda marehemu anaonyesha kwamba muda wote alikuwa akijilinda yeye mwenyewe dhidi ya msiba wa pili. Katika tukio la kaburini, Godai anazungumza na Soichiro bila kujua kwamba Kyoko anasikia. Hamwombi marehemu aondoke. Anakubali kwamba Soichiro ni sehemu ya Kyoko na kwamba atawachukua wote wawili. Kikwazo ambacho hakingeweza kushindwa kinapewa nafasi ndani ya nyumba. Inafaa kuzingatiwa pia kwamba tukio hili limejengwa kwa mbinu ileile ya kusikia maneno kwa siri ambayo hapo awali ilizaa ajali nyingi. Safari hii aliyejificha anasikia maneno yote, na anayasikia sawasawa.

5.0 Saa Iliyosimama na Watu Wanaozeeka

Neno ikkoku katika Kijapani linaweza kumaanisha kipindi kifupi cha muda, dakika isiyotakiwa kupotezwa. Kulitia jina hilo katika nyumba ambayo saa yake imesimama ni kinaya cha kwanza ambacho msomaji anakutana nacho. Hata hivyo, muda haukusimama ndani ya nyumba hiyo. Tofauti na Urusei Yatsura, ambamo wahusika wanabaki wanafunzi walewale mwaka baada ya mwaka, wahusika wa Maison Ikkoku wanazeeka kwa kasi inayokaribiana na ya wasomaji wao. Kentaro, mtoto wa Bibi Ichinose, anakua. Godai anafanya mtihani, anahitimu, anatafuta kazi, anaikosa, anaipata. Maua ya mcheri, joto la kiangazi, theluji na mwaka mpya hurudi, na kila yanaporudi yanamkuta mtu yuleyule akiwa amebadilika kidogo.

Mpango huu wa muda unaihusu dhamira moja kwa moja. Msomaji wa Kiswahili anaijua eda, muda wa ujane wenye mwanzo na mwisho uliowekwa, ambao ukiisha mjane ana ruhusa ya kuendelea. Kyoko hana kipimo cha namna hiyo. Sheria ya Japani ya wakati huo ilimtaka mwanamke asubiri miezi sita kabla ya kuolewa tena, lakini muda huo umekwisha kitambo na haujamsaidia. Hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia kwamba sasa inatosha. Kwa hiyo hadithi inalazimika kuuonyesha muda wenyewe ukifanya kazi, polepole, kupitia siku za kawaida. Picha inayorudiwa zaidi ni ya Kyoko akiwa na aproni yake yenye kifaranga, akifagia mbele ya lango. Kufagia huko hakusogezi msuko hata hatua moja, ila kunaonyesha namna mtu anavyoishi siku ambayo haina tukio, na siku kama hizo ndizo zinazomponya.

Hapa pana suala la upokezi. Msomaji wa jarida aliisoma sura ya mwaka mpya karibu na mwaka mpya wake mwenyewe, na alisubiri kama Godai alivyosubiri. Msomaji wa leo anaweza kuvimaliza vitabu vyote 15 kwa wiki moja. Kwake marudio yanaweza kuonekana mengi na subira ya wahusika ikaonekana uzembe. Uhakiki wa haki unapaswa kukumbuka kwamba umbo la awali la kazi hii lilikuwa na ukimya kati ya sura na sura, na kwamba ukimya huo ulikuwa sehemu ya maana.

6.0 Siasa ya Majina

Takahashi amewapa wahusika wake wengi majina ya ukoo yenye tarakimu ndani yake: Ichinose ina moja, Nikaido mbili, Mitaka tatu, Yotsuya nne, Godai tano, Roppongi sita, na orodha inaendelea mpaka Kujo, yenye tisa. Otonashi, jina la ndoa la Kyoko, humaanisha pasipo sauti, na sehemu yake ya mwisho huonyesha ukosefu. Katika hesabu hii Kyoko ni sifuri. Mchezo huu wa maneno unachekesha, lakini una ukali ndani yake, kwa kuwa jina lenye ukosefu ni jina la mume aliyekufa. Kyoko anaishi ndani ya jina la mtu asiyekuwepo.

Kifungu cha 750 cha Sheria ya Madai ya Japani kinawataka wanandoa watumie jina moja la ukoo, na mjane anaruhusiwa kurudia jina lake la awali. Wazazi wa Kyoko wanataka arudi kwao na kuliacha jina la Otonashi. Kyoko anakataa. Kwa hiyo ndoa yake na Godai ina bei inayoonekana katika karatasi: atakapokuwa Godai, jina la Soichiro litaondoka kwake kisheria. Ndiyo maana mbwa ana umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Mwanzoni mbwa anaitwa kwa jina la marehemu na Godai anachanganyikiwa, na hapo panazaliwa kichekesho. Mwishoni jina hilo halibadilishwi. Godai haombi libadilishwe. Jina lililoondolewa na sheria linabaki likiitwa uani kila asubuhi, kwa sauti ya kawaida, bila machozi. Mtoto wao wa kike naye anaitwa Haruka, jina lenye neno la majira ya kuchipua ndani yake, na anapoletwa nyumbani analetwa Ikkoku, mahali ambapo wazazi wake walikutana.

7.0 Mapungufu

Sifa zilizotajwa haziondoi kasoro za kazi. Kwanza, kazi hii iliandikwa kwa jarida la wanaume, na sura kadhaa za mwanzo zinategemea kuchungulia, njozi za Godai, na mwili wa Kyoko kutazamwa bila yeye kujua. Hadithi inamwadhibu Godai kwa kofi na aibu, lakini inamwachia msomaji starehe yake. Hapo utani unapoteza uhalali wake, kwa sababu utani wa kweli ni wa pande mbili, ilhali anayetazamwa hana nafasi ya kujibu.

Pili, Kozue hatendewi haki. Ukimya wa Godai unamgharimu miaka, na hadithi inamwondoa kwa wepesi ili shujaa asibebe lawama. Ikiwa uaminifu wa dhamiri ndicho kipimo kilichotumika kumsifu Godai, kipimo hichohicho kinamhukumu hapa. Tatu, takriban kila mwanamke kijana katika kazi hii anafungiwa hadithi yake kwa ndoa au ahadi ya ndoa. Msuko unampa Kyoko uhuru wa kuamua lini na nani. Hauulizi kama angeweza kuamua kutoolewa kabisa. Nne, Nikaido anaingizwa katika chumba namba 2 bila kuongeza mengi, na si ajabu kwamba filamu ya televisheni ilimwacha nje bila msuko kutetereka.

Dhidi ya kasoro hizi inafaa kuwekwa sehemu ya Ibuki Yagami, mwanafunzi anayempenda Godai anapofanya mazoezi ya kufundisha katika shule ileile aliyosoma Kyoko. Kwa juu hii ni kero nyingine ya ajali. Kwa ndani ni kioo: Kyoko anaitazama historia yake mwenyewe, ya msichana aliyempenda mwalimu wake na kung'ang'ania, ikichezwa upya kama kichekesho. Anaweza kuikasirikia, lakini hawezi kuicheka bila kujicheka. Sehemu hii inaonyesha kile ambacho kazi hii inaweza kufanya inapoutumia mzaha kwa uangalifu: inamrudishia mfiwa ujana wake bila kumwambia kwamba ujana huo ulikuwa upuuzi.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Maison Ikkoku inatatua tatizo ambalo futuhi kwa kawaida hulikwepa, yaani kikwazo kisicho na kosa na kisichoweza kushindwa. Inalitatua kwa njia tatu zinazotegemeana: jamii ya watani inayomzuia mfiwa asijitenge, muda unaoachwa upite kwa kasi yake, na uamuzi wa kumpa marehemu nafasi badala ya kumfukuza. Ajali zinachekesha, na nyingine zimerudiwa kupita kiasi. Lakini zikiondolewa zote, bado kuna mwanamke anayehitaji miaka kadhaa ili aweze kusema neno moja, na mwanamume anayehitaji miaka hiyohiyo ili astahili kulisikia.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, funzo ni la kinadharia pia. Dhana ya utani imetumika zaidi katika tafiti za mila na desturi kuliko katika uhakiki wa matini. Usomaji huu unapendekeza kwamba inaweza kuwa chombo cha kuisomea futuhi ya jamii yoyote ambamo watu wanalazimika kucheka karibu na kaburi. Mtani haji msibani kwa kuwa hajali. Anakuja kwa kuwa kuna jambo ambalo wenye uchungu hawawezi kulifanya wenyewe, na wapangaji wa Ikkoku, pamoja na chupa zao na kelele zao, walilifanya kwa karibu miaka saba.